Sisi Upande wa Mwanamke Tumekubali

Nansio, Ukerewe
4 Februari 2024

Kaka Mashimba,

Shikamoo. Mama mpe shikamoo yake, na wifi Kashindye umwambie asinyanyue ndoo za maji na tumbo lililofikia pale. Sisi huku kwa mama mdogo tuko salama. Winnie ameanza shule, ila wamemrudisha darasa la tano alilokwisha kulimaliza kwa sababu karatasi zake za uhamisho zimebaki kwangu Buzuruga. Mdogo wake Maige anauliza kila asubuhi tutarudi lini nyumbani, na mimi kila asubuhi namwambia anywe uji.

Mwandiko usikushangaze, natumia mkono wa kushoto. Barua hii utapewa na Mihayo, yule mwenye duka la pembejeo hapo Kisesa. Kila baada ya majuma mawili huja huku kununua dagaa wa chakula cha kuku, nimemwomba awe posta yetu. Simu sitaki. Namba yangu mpya ikifika Kisesa asubuhi, jioni Machibya anayo, maana mama yetu humpa chochote mtu aliyemwamkia vizuri.

Sasa jambo lenyewe. Ndoa yangu na Machibya imekwisha. Miaka kumi na miwili imetosha, na hilo sitaki kulijadili na mtu. Lakini mahakama haipokei dai la talaka mpaka kwanza muende baraza la usuluhishi wa ndoa, liwasikilize, liandike kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Nimekwenda. Tumeitwa tarehe 5 Machi, saa nne asubuhi, na kila upande uje na mtu mzima wa ukoo. Baba hayupo, kwa hiyo mtu mzima wangu ni wewe.

Najua atakimbilia nyumba. Ile nyumba na fremu zake mbili za duka za mbele, kiwanja nilikinunua kwa pesa ya samaki wangu, na wewe ulikuwepo. Ulitia sahihi kama shahidi. Tukaandika jina la Machibya kwa sababu ulisema mke kuandikwa peke yake kutamvunjia mume heshima. Muuzaji alikwisha kufa. Tunaojua pesa ilitoka wapi tumebaki watatu, mimi, yeye na wewe.

Sikuombi useme mengi. Kaa tu kwenye kiti cha pembeni yangu. Nikiiona mikono yake juu ya meza maneno hunikimbia, na sidhani kama nitakuwa nimepona ugonjwa huo ifikapo tarehe tano. Ukiwa karibu nitaweza.

Mdogo wako,
Evelina


Kisesa
19 Februari 2024

Kwako mdogo wangu Evelina,

Marahaba. Napenda kukujulisha kuwa sisi hatujambo, isipokuwa mguu wa mama ambao umevimba tena. Kashindye amejifungua salama mtoto wa kike, tarehe 11. Pamba imeota vizuri ukiacha shamba la bondeni, ambalo limezama. Ng'ombe mmoja amezaa.

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili. Nasikitika kusema haikunifurahisha. Mwanamke mwenye ndoa yake hapandi meli na watoto bila kuaga, halafu akawaandikia wakubwa zake kama mkuu wa wilaya, njoo tarehe fulani, saa fulani. Ungekuja kwanza hapa nyumbani tukaongea.

Machibya amekuja mara mbili. Alikuja kwa adabu, na sukari kilo tano na kitenge cha mama. Alipewa kiti akakikataa, akakaa chini. Akasema, "Shemeji, mimi nimekosa, hasira zilinipanda, lakini na mke wangu naye ana mdomo." Mtu akishasema amekosa, sisi tumfanye nini tena? Hata baba alikuwa na hasira, na mama yuko hapa, anakula na kusali.

Kuhusu kiwanja, hayo ni mambo ya zamani, tusiyachokoe kwa pupa. Kuhusu baraza, nitakuja. Nitakaa nafasi ya baba na nitasema inavyopasa. Ila nawe ufikiri kabla hujatamka neno talaka mbele za watu. Unajua ng'ombe kumi na watano wa mahari yako walikwenda wapi. Walilala zizini kwetu msimu mmoja, wakaenda kwa wakwe zangu, na kwa ng'ombe hao Kashindye akaingia humu ndani. Sina wengine wa kumrudishia mtu.

Ndoa inataka uvumilivu. Wasalimie watoto.

Kaka yako,
Mashimba


Nansio
10 Machi 2024

Kaka,

Shikamoo. Mpe mama pole ya mguu. Mpe Kashindye hongera na doti ya khanga aliyobeba Mihayo. Watoto wazima. Salamu zimekwisha.

Barua hii nimeiandika mara tatu na mara mbili nimeichana. Nina hasira nawe mpaka chakula kinanishinda.

Nilikuomba ukae pembeni yangu. Nilipoingia mlikuwa mmekwisha kukaa, wewe, Machibya na mwenyekiti, mnacheka jambo, na kiti kilichobaki kilikuwa kinatazamana naye. Meza yenyewe nyembamba, magoti yake na yangu yalikaribia kugusana. Akanisalimia kwa upole mbele yenu. Mkono wake wa kulia ulikuwa unachezea funguo za nyumba yangu. Kuanzia hapo nusu ya yaliyosemwa sikuyasikia.

Nilimsikia mwenyekiti akisema, "Habari za vipigo tuziweke kando, zitatuharibia kikao. Leo tuzungumze mali kama watu wazima." Nikakutazama, nikakuona unatazama dirishani. Wakasoma. Nyumba na fremu zibaki kwa Machibya. Pikapu ibaki kwake. Mimi nichukue friji mbili, vyombo na nguo zangu. Mwenyekiti akaniuliza kama ninakubali. Nilifungua mdomo, kaka, nakumbuka kabisa kwamba niliufungua. Ndipo uliposimama, ukavuta koti, ukasema, "Sisi upande wa mwanamke tumekubali."

Sisi akina nani? Upande wa mwanamke nilikuwa mimi peke yangu. Wewe ulikuja kufanya nini mle ndani, kama si kunimaliza?

Nikatia dole gumba la kushoto, kwa kuwa mkono wa kuandikia umo kwenye plasta. Nilikwambia naandika kwa kushoto, hukuuliza kwa nini. Plasta ilikaa juu ya meza mbele ya macho yako kwa saa mbili, hukuuliza. Basi nakwambia bila kuulizwa. Ni jiwe la mizani, la kilo mbili, ninalopimia sangara. Alinipiga nalo kwa sababu nilikataa kumpa mauzo ya siku ile. Winnie alikuwa amesimama mlangoni. Daktari alipomaliza kujaza PF3, ile fomu ya polisi, akaniuliza kama nina kaka. Nikamwambia ndiyo, ninaye mmoja, nikamwambia kwa majivuno.

Nataka unijibu swali moja tu. Kwa nini ulikubali? Usiniandikie habari za pamba.

Evelina


Kisesa
28 Aprili 2024

Evelina,

Marahaba. Barua yako ilichelewa, Mihayo aliugua akalazwa. Mama anatembea vizuri sasa. Mtoto ana afya.

Tangu nizaliwe sijaandikiwa maneno kama yale, tena na mtu niliyembeba mgongoni kwenda zahanati. Kashindye aliniuliza umeandika nini, nikamwambia unashukuru na kusalimia.

Habari za jiwe sikuzijua. Machibya aliniambia uliteleza kwenye maji ya samaki.

Unauliza kwa nini. Wewe unaangalia nyumba moja, mimi naangalia ukoo mzima. Kuna mizigo mwanamume anaibeba bila kueleza. Ungekuwa hutaki ungesema hutaki, mdomo unao, hakuna aliyekuziba. Dole gumba umetia mwenyewe. Una akili ya biashara na huko kisiwani samaki hawajaisha, utajenga nyingine.

Naomba usiniandikie tena kuhusu kikao kile.

Mashimba


Nansio
16 Juni 2024

Kaka Mashimba,

Shikamoo. Plasta imetolewa, kama unavyoona mwandiko umerudi kuwa wangu, ingawa vidole viwili havijakubali kujikunja. Winnie wamempandisha darasa lake baada ya mwalimu kuchoka kusahihisha madaftari yasiyo na kosa. Mama mdogo anakusalimia. Amesema nikuandikie kwa heshima. Nimemwambia nitajaribu.

Hukutaka nikuandikie kuhusu kikao kile. Nakuandikia kuhusu kingine.

Nilikwenda mahakamani Mwanza mwezi uliopita na karatasi ya baraza mkononi, nikijua nimekwisha kushindwa, nikitafuta talaka tu. Karani akaisoma akacheka. Akasema, "Mama, baraza halina mamlaka ya kugawa mali. Kazi yao ni kupatanisha, basi. Hii ya nyumba na friji nani aliwatuma?" Kwa hiyo dole gumba langu halikuuza kitu. Nilikaa kwenye benchi la nje nikalia kwa hasira, watu wakadhani nimefiwa.

Hakimu amelipeleka suala la mali kwa msuluhishi kwanza. Anaitwa Mama Zahabia, mwanasheria mstaafu, wa zile familia za Kihindi zilizozaliwa Mwanza toka babu. Kisukuma chake ni kizuri kuliko cha wanangu. Yeye hakuanza na nyumba. Alianza na mkono. Aliniita peke yangu, akaniuliza nani alikuwa anashika pesa, nikikataa kitu kinatokea nini, na kama naogopa kukaa chumba kimoja na Machibya. Nikamwambia naogopa. Akasema, "Basi hutakaa naye. Mtu anayeogopa kufungua mdomo hagawani mali, anaporwa tu huku watu wanaandika." Siku ya usuluhishi Machibya aliitwa saa tatu kamili, mimi saa tatu na nusu kwa mlango wa nyuma. Yeye chumba kimoja, mimi kingine, katikati ukumbi na askari. Mama Zahabia ndiye anayekwenda na kurudi. Kuondoka mimi natangulia, Machibya anazuiliwa nusu saa nzima. Aliniambia pia nikisikia hofu niseme, asimamishe, kesi isikilizwe na hakimu. Kaka, nilizungumza saa mbili. Sijawahi kuisikia sauti yangu ikizungumza saa mbili.

Sasa sikiliza. Mara ya tatu alipotoka chumba cha Machibya alikuwa na karatasi. Machibya alimpa kwa mbwembwe, kuonyesha kwamba ukoo wangu ulikwisha kupata haki yake na kutulia. Mama Zahabia akaniuliza kama niliwahi kuiona. Sikuwahi. Imeandikwa Kisesa, tarehe 2 Machi, siku tatu kabla ya baraza. Inasema Machibya hatadai ng'ombe kumi na watano wa mahari, na kwamba Mashimba, kwa niaba ya dada yake, anatambua kuwa nyumba ya Buzuruga ni mali ya Machibya peke yake. Sahihi yako naijua tangu ulipokuwa unaifanyia mazoezi kwenye madaftari yangu.

Kwa hiyo mzigo uliokuwa unaubeba bila kueleza ni huo. Uliingia barazani umekwisha kuniuza, ukavaa na koti.

Mama Zahabia akauliza jambo dogo. Akauliza, "Nani aliwaambia hao ng'ombe wanarudi?" Nikamwambia ndiyo mila yetu, mke akiondoka mahari hurudi. Akatikisa kichwa. Akasema hata kwa mila hiyo hiyo, mume aliyemvunja mke mkono ndiye mwenye kosa, tena mmezaa watoto na mmekaa miaka kumi na miwili. Akija kudai ng'ombe mbele ya hakimu yeyote atakuwa na kazi ngumu sana. Kisha akauliza kama kaka yangu alimuuliza mtu yeyote kabla ya kutia sahihi, mwanasheria, au hata mzee mmoja anayejua mila. Nilimjibu kwamba kaka yangu haulizi.

Uliogopa deni ambalo hukuwa nalo, ukalilipa kwa nyumba ambayo si yako. Nikifikiria hivyo natamani kupiga kelele.

Nyumba haijapotea bado. Machibya anashikilia kwamba pesa ya kiwanja ilikuwa yake, na jina kwenye hati ni lake. Shahidi wa mauziano yuko mmoja. Kikao kinachofuata ni tarehe 22 Julai. Ukija utaingia mlango wangu, hutamwona. Sema tu ulichokiona siku ile, nani alifungua mkoba na nani akahesabu. Usipokuja, wanangu wanabaki wageni kwenye nyumba ya mama mdogo, na mimi sitakuandikia tena mpaka mmoja wetu azikwe.

Evelina


Kisesa
7 Julai 2024

Evelina,

Marahaba. Mama mzima. Mvua hakuna.

Umenivunjia nyumba. Nataka ulijue hilo kabla ya yote. Barua yako niliiweka mfukoni mwa koti, Kashindye alikuwa anafua, akaisoma yote mpaka tarehe. Hakupiga kelele, ningefurahi kama angepiga. Alikuja nilipokuwa nakamua, akasema, "Hao ng'ombe waliolipwa ni kwa ajili yangu. Kumbe na mimi nimetiwa kwenye hiyo biashara." Akafunga mtoto mgongoni, akaenda kwa wazazi wake. Leo ni siku ya tisa. Baba yake ananiuliza kwa simu nimemfanya nini mtoto wake, na mimi nitamwambia nini? Mama naye hasemi na mimi. Kitenge alichopewa na Machibya amekikata akafanya matambara ya kushikia sufuria.

Unaandika kama vile ilikuwa rahisi. Wewe hukuwepo Machibya alipokaa hapo chini kwenye mkeka na karatasi imekwisha kuandikwa. Alisema akidai ng'ombe wake atakuja na watu na atawachukua mchana, mbele ya jirani. Sina kumi na watano. Ninao saba. Wakwe zangu nao wale niliowapelekea walikwisha kuwatoa kwa kijana wao alipooa. Ningekwenda kugonga milango mingapi? Tungerudishana wake vijiji vitatu kwa ajili yako. Nilikasirika. Nilikasirika nawe kuliko yeye, kwa sababu wewe ndiye uliyeondoka.

Unasema sikuuliza. Ningemuuliza nani? Mtu akienda kuuliza habari ya kurudisha mahari, kesho yake kijiji kizima kinajua dada yake ameachika. Niliona aibu. Niliona bora nyumba ya mjini ipotee kuliko kuonekana na zizi tupu.

Na la jiwe. Niliandika kwamba sikulijua. Nilikuwa nalijua. Machibya aliniambia mwenyewe siku ya kwanza aliyokuja, kabla sijapokea sukari. Niliipokea baada ya hapo.

Sina la kuongeza. Umeandika tarehe 22 Julai. Saa hukuandika.

Mashimba


Buzuruga, Mwanza
6 Oktoba 2024

Kaka Mashimba,

Shikamoo. Nimekaa miezi miwili na zaidi bila kukuandikia, na ni kwa makusudi. Saa nilimtuma Mihayo akwambie kwa mdomo, kwa kuwa uliwahi kunilaumu kwamba nawapangia wakubwa saa.

Watoto wazima. Winnie amepata shule hapa karibu. Maige siku ya kwanza alizunguka vyumba vyote akifungua na kufunga milango, hakuna aliyemkataza. Fremu moja nimeipangisha kwa fundi cherehani, nyingine nimerudisha friji. Jiwe la mizani nimenunua jipya, lile la zamani liko polisi na jalada la kesi ya Machibya ya kunijeruhi, ambayo itasikilizwa mwezi ujao. Mama Zahabia alisema tangu mwanzo kwamba ile hasuluhishi. Mali inajadiliwa, mkono haujadiliwi.

Nakuandikia kwa sababu siku ile ukumbini uliniuliza, "Basi yamekwisha?" nami nikapita bila kukujibu. Ulistahili jibu, hata kama si lile unalolitaka.

Ulikuja. Ulikaa kwenye chumba changu, ukazungumza na Mama Zahabia karibu saa nzima bila kunitazama hata mara moja. Ulisema pesa ilikuwa kwenye mkoba wangu mweusi unaonuka samaki, mpaka muuzaji akazihesabia nje. Hilo nilikuwa nimelisahau. Ulisema jina la Machibya lilikuwa wazo lako. Ulisema ile karatasi ya Kisesa uliitia sahihi kwa hofu na hukuwa na ruhusa yangu. Alipokuuliza kama ulijua ninapigwa, nilidhani utakana. Ukasema, "Nilijua tangu mwaka wa tatu wa ndoa." Mimi nilikuwa sijui kwamba unajua tangu wakati huo.

Mama Zahabia alipeleka maneno yako chumba cha pili. Nilimsikia Machibya akigombeza kupitia ukuta, na kwa mara ya kwanza niliendelea tu kumenya chungwa langu. Baada ya vikao viwili vingine alikubali. Nyumba na fremu ni zangu na za watoto. Pikapu na kiwanja alichonunua Kisesa ni vyake. Hakimu ameyaandika makubaliano hayo kuwa amri ya mahakama na talaka imetoka tarehe 27 Septemba. Ng'ombe hakudai. Aliulizwa kama ana dai lolote la mahari, akasema hana. Wale saba wako wamo zizini, na wengine hawakutakiwa na mtu. Ungeuliza mapema ungelala usingizi wako wote.

Kashindye alikuja hapa Jumapili na mtoto. Mtoto ana macho yako, maskini. Mama yake hakuniuliza arudi au asirudi, nami sikumwambia. Nilimpikia tukala. Ukitaka kujua anafikiri nini, muulize yeye. Usimtume mtu wala usimtume baba yake, na usijipe jibu mwenyewe kabla hajafungua mdomo.

Sasa jibu lako. Ahsante kwa kuja. Nasema kutoka moyoni, bila wewe ningekuwa bado kisiwani nalala na wanangu kwenye godoro moja. Nitawaambia watoto wangu kwamba mjomba wao alisema kweli ilipokuwa inamuumiza. Lakini hayajakwisha. Ulijua miaka tisa. Miaka tisa nilikuja kwenu sikukuu zote na mikono mirefu ya blauzi kwenye joto lile, ukanipokea, ukamkaribisha Machibya kuku. Hiyo saa moja ya kusema kweli imenirudishia nyumba. Miaka tisa haijairudisha na sijui kama kuna namna ya kuirudisha, na sitaki uniharakishe.

Mama aje wakati wowote, chumba chake kipo. Wewe ukija nitakupikia, tutakula, utalala, na asubuhi nitakusindikiza stendi. Sikuzuii.

Jambo moja tu nakwambia sasa hivi, mapema, ili lisije kukushtua mbele za watu. Winnie atafikisha miaka kumi na mitatu mwakani. Siku moja, Mungu akipenda, mtu atakuja kubisha hodi kwa ajili yake, na wazee wa upande wa mume wataketi wakiuliza upande wa mwanamke unawakilishwa na nani. Usivae koti siku hiyo. Nitaketi mimi, na Winnie atakuwa pembeni yangu, na ng'ombe wao nitawaomba waondoke nao wote, hata ndama asibaki.

Mdogo wako,
Evelina